"Akisumbua mpe kimoja": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dawa za kutuliza wazee na nani anazikagua

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina tatu. Kuna ndugu wanaolea wazee majumbani hapa Dodoma, kuna wahudumu wa makazi ya wazee, afu kuna vijana wetu walioenda Marekani wakaishia kufanya kazi kwenye nyumba za kulelea wazee na wanapiga simu nyumbani kuuliza mambo. Nimeyaweka pamoja mana ukiyachambua ni swali moja tu: mzee amepewa dawa ya kutuliza "ikibidi", sasa nani anaamua imebidi, na nani anamkagua huyo anayeamua?

PRN ni nini? Naiona kwenye chati ya mama.

Ni dawa ya kupewa pale inapohitajika, haina saa maalumu. Dawa ya presha inaandikwa moja asubuhi, kila siku, basi. PRN inasubiri mtu aseme "sasa hivi inahitajika". Kwenye panado haina shida sana, kichwa kikimuuma si atasema mwenyewe. Ugumu unaanza kwenye dawa za akili, mana hapo mara nyingi anayesema inahitajika sio mgonjwa, ni yule aliyechoka naye usiku.

Dawa zipi zinahesabika humo?

Makundi manne ndo ya msingi: dawa za kutibu wazimu kama haloperido, klopromazini ambayo wengi wanaijua kama Largactil, olanzapini na risperidoni, dawa za kuondoa wasiwasi kama diazepamu na lorazepamu, dawa za usingizi, na dawa za sonona kama amitriptilini. Kanuni ya Marekani inayataja makundi hayo hayo manne, ila haikuishia hapo, na hilo nitalirudia kwenye swali la promethazini mana huko ndo watu wanakojificha.

Hizi siku 14 ninazosikia zinatoka wapi?

Ni kanuni ya serikali kuu ya Marekani kwa nyumba za kulelea wazee zinazolipwa na Medicare na Medicaid, zile bima za afya za serikali ya huko. Kanuni zilitolewa 2016, na sehemu hii ya PRN ikaanza kufanya kazi tarehe 28 Novemba 2017. Inasema oda ya PRN, yani agizo la daktari, ya dawa yoyote ya akili mwisho wake ni siku 14, na mgonjwa asiandikiwe kabisa PRN kama hakuna tatizo mahususi lililogunduliwa na kuandikwa kwenye faili lake. Mizizi ya haya mambo ni ya zamani zaidi, ni sheria ya 1987 iliyosema mkazi wa nyumba hizo ana haki ya kutofungwa, iwe kwa kamba au kwa dawa, kwa ajili tu ya kumuadhibu au kuwarahisishia kazi wafanyakazi. Wengi wanashangaa kusikia dawa inahesabiwa kama kamba, lakini mzee aliyelazwa na sindano tangu saa 3 asubuhi mpaka jioni anatofautiana nini na aliyefungwa kitandani?

Kwa hiyo siku ya 15 dawa inakatwa tu?

Inategemea ni dawa gani, na hapa hata manesi wa huko wanachanganya.

Kama ni lorazepamu, ya usingizi au ya sonona, daktari anaweza kuiongeza zaidi ya siku 14 ila lazima aandike kwenye faili kwa nini anaongeza na anaongeza mpaka lini. Kuandika "endelea" peke yake hakutoshi.

Kama ni ya kundi la haloperido na olanzapini, hakuna kuongeza kwa maandishi tu. Siku 14 zikiisha oda imekufa, na kama bado inatakiwa daktari au mwandikaji dawa aje amwone mgonjwa mwenyewe, amchunguze, aandike kama bado inahitajika, imemsaidia nini mgonjwa, afu ndo anaandika oda mpya, nayo ni ya siku 14 nyingine. Kupigiwa simu na nesi akajibu "sawa endeleeni" sio kumchunguza.

Kwa nini wamezibana hizo zaidi?

Kwa sababu zinaua wazee wenye demensia, ule ugonjwa wa kusahau. Sio maneno ya kutishana. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikusanya majaribio 17 ya dawa mpya za kundi hili kwa wazee wenye demensia, ikakuta waliopewa dawa walikufa kama asilimia 4.5 na waliopewa kidonge kitupu asilimia 2.6, kwenye majaribio ya wastani wa wiki 10 hivi. Wengi walikufa kwa moyo au kwa maambukizi kama nimonia. Ikaamuriwa onyo zito liwekwe kwenye maelezo ya dawa, na 2008 onyo likapanuliwa mpaka dawa za zamani, haloperido ikiwemo. Uingereza nao 2009 ripoti ya serikali ilikadiria wagonjwa wa demensia kama 180,000 wanapewa dawa hizi, wanaofaidika ni kama 36,000, na vifo vya ziada kama 1,800 kwa mwaka.

Sisemi haloperido ni sumu. Kijana anayesikia sauti zinamwambia aruke ghorofani, dawa hiyo inamrudisha duniani, na hapa Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, wapo wengi waliosimama tena kwa ajili ya dawa za kundi hilo. Nazungumzia bibi wa miaka 80 ambaye shida yake ni kusahau na kuzunguka zunguka usiku.

Hiyo ni Marekani, sisi Dodoma inatuhusu nini?

Kisheria haituhusu. Hakuna mkaguzi atakayekuja kwenye makazi ya wazee ya Sukamahela kule Manyoni au nyumbani kwako Nkuhungu akakudai siku 14. Lakini mwili wa mzee wa Kigogo na wa mzee wa Ohio unapokea haloperido vile vile, na makosa ya kibinadamu ya zamu ya usiku hayana uraia. Mimi naichukulia ile namba 14 kama kipimo cha kujiwekea wenyewe: ukiwa na mzee nyumbani na dokta amekuandikia dawa ya "akisumbua", andika kwenye kalenda siku ya 14 halafu siku hiyo rudi kwake, au mpigie, umwambie tumetumia mara ngapi na ikawaje. Hakuna anayekukataza kufanya hivo, na hakuhitaji Bunge kukaa.

Afu tukumbuke wazee walio wengi huku hawapo kwenye makazi, wapo kwa watoto wao. Anayetoa dawa ni binti wa kazi wa miaka 19 ambaye ameachiwa bahasha ya vidonge na maneno matatu, "bibi akisumbua mpe". Huyo binti ndo zamu ya usiku yetu. Hana chati, hana mfamasia, hana wa kumuuliza.

Oda nzuri ya PRN inaandikwaje?

Mbaya naijua kila mtu ameiona: "Haloperido 5 mg PRN." Imeisha. Kwa ajili ya nini? Mara ngapi kwa siku? Ikishindikana? Mpaka lini?

Nzuri inajibu yote hayo, na inamtaja mgonjwa na sio ugonjwa tu. Mfano: dawa fulani, dozi fulani ndogo, kwa mdomo, anapoona watu wamekuja kumuua na akaanza kupiga wenzake, baada ya kujaribu kumtoa nje na kumpa maji na kuangalia kama ana maumivu, isizidi mara mbili ndani ya saa 24, katikati zipite saa nane, akisinzia, akianguka au akishindwa kumeza usimpe, piga simu, mwisho tarehe fulani. Ni ndefu, ndiyo, na dokta atasema ana foleni. Lakini kila kipande ulichokiacha wazi mtu atakijaza saa 8 usiku kwa jinsi anavyojisikia.

Na dozi jamani. Vidonge vya haloperido vinavyopatikana sana huku ni vya miligramu 5, wakati mzee dhaifu dozi ya kuanzia ni kama nusu miligramu mpaka moja. Ukikata kidonge nusu ukajiona umekuwa mwangalifu bado umempa mara kadhaa ya anachotakiwa, kwa hiyo muulize mfamasia namna ya kupata dozi ndogo kabla hujaondoka dirishani.

"Anasumbua" si sababu tosha?

Hapana, na hapa nitakaa kidogo mana ndo penye kazi.

"Anasumbua" ni malalamiko ya anayemhudumia. Mzee mwenyewe ana kitu kinamsumbua na hawezi kukisema. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo ghafla hajui yuko wapi, anavuta mashuka, anaongea na watu wasiokuwepo, mchana analala usiku anapiga kelele, huyo karibu kila mara ana ugonjwa wa mwili. Mkojo umeziba au una maambukizi, amefunga choo siku ya tano, nimonia, malaria, sukari imeshuka, hajanywa maji. Hilo la maji huku kwetu ni la kutazama sana, hewa ya Dodoma inakausha na upepo wa mwezi wa nane unabeba vumbi mpaka ndani ya sufuria, na wazee wengi wanajinyima maji makusudi ili wasiamke amke kwenda chooni. Ukimpa diazepamu mtu wa namna hiyo umezima kengele na moto bado unawaka.

Kingine maumivu. Bibi anapiga kelele akigeuzwa kitandani, chati inasema "mkali, haloperido imetolewa". Mguse nyonga. Wapo wazee wanaotulia na panado ya kawaida ikitolewa kwa saa maalumu, na utafikiri ni muujiza.

Halafu lugha. Hili silioni likiandikwa popote. Demensia inakula vilivyokuja baadaye kwanza, kwa hiyo mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani anarudi kwenye Kigogo au Kinyaturu au Kirangi, na mhudumu ni binti wa Mbeya au wa Tanga. Mzee anaomba kwenda kujisaidia, mhudumu anasikia kelele. Nimewahi kukaa pembeni nikitazama babu mmoja aliyeandikwa "mgomvi saa za jioni" akiambiwa tu "mbukwenyi baba" na kijana wa kufanya usafi, mkono ukashuka, akaanza kuuliza ng'ombe wamerudi wote? Yule kijana akajibu wamerudi, wote wamo zizini. Wakaenda pamoja mpaka kwenye uzio, wakarudi, akala. Jioni saa 12 ndo saa ya kufungia mifugo, alikuwa anatafuta kazi yake ya miaka yote. Ukitaka kumwandikia PRN ya saa 12 jioni, andika hiyo kwanza.

Majirani wanasema bibi ana mambo, anaongea usiku peke yake. Si bora alale tu?

Najua unachoogopa na sio kitu cha kucheka, mikoa yetu hii bibi kizee mwenye macho mekundu anayeongea usiku anaweza kupata shida kubwa. Lakini kumlaza kila usiku kwa ajili ya majirani kunamwangusha kutoka kitandani, kunampa nimonia, na maneno hayaishi. Mpeleke apimwe, upate jina la ugonjwa kutoka kwa daktari, halafu mwite balozi wa nyumba kumi na mchungaji au shehe wenu uwaambie wazi kwamba mama ana ugonjwa wa kusahau na anatibiwa hospitali.

Tangu aanze haloperido hatulii kabisa, anatembea tembea, anasimama anakaa. Tuongeze?

Simama hapo hapo. Dawa hii yenyewe inaweza kuleta hali inayoitwa akathisia, mtu anasikia miguu haikubali kutulia, ndani kama anawaka. Kwa nje inafanana kabisa na "anasumbua". Kinachotokea ni kwamba nesi anaona hatulii, anampa PRN, hali inazidi, anampa nyingine, na chati inasomeka vizuri tu kwamba mgonjwa ni mkali sana na dawa inatolewa kama ilivyoelekezwa. Angalia pia uso umekuwa kama kinyago, mikono inatetemeka, anaburuza miguu, mate yanatoka, anashindwa kumeza. Akipata homa kali na mwili ukakaza kama ubao hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi. Hayo mengine yote mwambie dokta kesho yake, na usimpe nyongeza kabla hujasikia jibu lake.

Mfamasia anaingiaje humu?

Marekani mfamasia lazima apitie dawa za kila mkazi angalau mara moja kwa mwezi pamoja na faili lake, akiona kitu hakijakaa sawa anaandika kwa daktari wa mgonjwa, kwa mganga mkuu wa nyumba na kwa mkuu wa manesi. Daktari akikataa ushauri anaandika sababu. Dawa za akili zile za kila siku nazo lazima zijaribiwe kupunguzwa, mwaka wa kwanza mara mbili kwenye robo mbili tofauti, baadaye mara moja kwa mwaka, isipokuwa kama daktari ameandika kwa nini kupunguza kutamdhuru mgonjwa.

Huku kwetu makazi mengi hayana mfamasia wake. Ila mji huu una hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya Benjamin Mkapa, Mirembe yenyewe, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinachofundisha watu wa afya. Mfamasia mmoja akija kwenye makazi nusu siku kwa mwezi na kalamu nyekundu, mtashangaa. Mimi naona hilo ni rahisi kuliko kusubiri kanuni mpya.

Nikipewa chati niangalie nini? Mi sio mtaalamu.

Huhitaji utaalamu kujua kusoma saa. Weka kidole kwenye safu ya muda na ushuke nacho. Dawa zinatolewa saa ngapi, na nani? Kama mama "anasumbua" Jumatatu, Jumatano na Ijumaa usiku tu, na sahihi ni ile ile moja, basi tatizo sio mama. Kama kila siku inatolewa saa 2 usiku, muda wa kubadilishana zamu, hiyo sio PRN tena, ni dawa ya kila siku iliyopita mlango wa nyuma bila daktari kuamua hivo. Na kama kwenye mwezi mzima haikutolewa hata mara moja, kwa nini bado imeandikwa? Ifutwe.

Afu angalia kinachoandikwa pembeni. Baada ya kila dozi panatakiwa maneno mawili, kabla alikuwaje na baada ya saa moja alikuwaje. "Alilala" sio jibu zuri kama shida ilikuwa hofu. Ukiuliza na wakakuonyesha nafasi tupu, umeshapata jibu lako.

Mama yangu anapewa promethazini ili alale. Hiyo si ya mafua tu?

Ni ya mzio na kutapika, na watu wanaitumia kulazia wazee kwa sababu haionekani kama dawa ya akili. Piritoni nayo hivo hivo. Kwa mzee zinakausha mdomo, zinafunga choo, zinazuia mkojo na zinamvuruga akili, yani unatibu kuchanganyikiwa kwa kitu kinachochanganya. Mwongozo wa wakaguzi wa Marekani uliliona hili: dawa ya mzio, ya kifafa au nyingine yoyote ikitumika kama mbadala wa dawa ya akili, inakaguliwa kama dawa ya akili.

Na hawakuliweka bure. Huko mwishoni mwa 2011 karibu robo ya wakazi wa muda mrefu walikuwa kwenye dawa za kundi la haloperido, serikali ikaanzisha kampeni 2012, namba zikashuka mpaka chini ya asilimia 15. Makofi yakapigwa. Baadaye ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya huko ikaonyesha kwamba dawa za kifafa zilipanda wakati hizo zinashuka, na tena wagonjwa walioandikwa wana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, wakaongezeka kwa namna ya kutilia shaka, kwa sababu mwenye skizofrenia hahesabiwi kwenye kipimo. Ukibana mlango mmoja, angalia dirisha.

Tunaweza kumchanganyia kwenye uji bila kumwambia?

Swali gumu. Mtu mwenye akili timamu akikataa dawa amekataa, hata kama ni mama yako na wewe ndo unalipa. Kwa aliyepoteza kabisa uwezo wa kuamua, isiwe uamuzi wa mhudumu jikoni. Daktari, ndugu wa karibu na nesi wakubaliane, iandikwe, na mfamasia aseme kama kidonge hicho kinaruhusiwa kusagwa. PRN ya kufichwa kwenye uji wa mtama siikubali hata siku moja. Kama ana utulivu wa kukaa akanywa uji, alihitaji dawa ya nini?

Mzee yuko mwishoni, anapumua kwa shida na ana hofu. Nako siku 14?

Marekani ndiyo, hata wagonjwa wa hospisi, yani wanaohudumiwa siku zao za mwisho, wanahesabiwa, ila kwa lorazepamu daktari anaandika tu sababu na muda mrefu zaidi na haina ugomvi. Mtu anayekufa asinyimwe utulivu kwa sababu ya karatasi. Kinachotakiwa hapo ni dokta kuandika mapema ili usiku wa manane nesi asiwe anahangaika kutafuta ruhusa.

Tumegundua anapewa diazepamu karibu kila usiku mwaka mzima. Tumeacha leo. Sawa?

Sio sawa, mrudishieni na muende kwa daktari haraka. Dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu na kukatwa ghafla zinaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa na kukosa usingizi kubaya kuliko mwanzo. Zinapunguzwa polepole, wiki kwa wiki au zaidi. Na msitegemee kuona tofauti kesho, diazepamu kwa mzee inakaa mwilini siku kadhaa, ndo maana aliyepewa usiku anaanguka mchana wa pili na hakuna anayeunganisha hayo mambo mawili.

Ni saa 7 usiku, bibi amepandisha, kidonge ninacho mkononi. Nifanyeje?

Washa taa, lakini sio ile kali. Kaa chini usawa wa macho yake, sema jina lake na lako, kwa lugha yake. Usibishane naye, akisema mumewe yuko mlangoni usimwambie alikufa zamani, mara mia moja atafiwa upya. Uliza choo. Mpe maji. Gusa tumbo chini ya kitovu, likiwa gumu na anaruka kwa maumivu mkojo umeziba na hiyo ni hospitali. Gusa paji la uso. Kama ana kisukari pima. Toa watu wanaojaa mlangoni, kelele zao ndo nusu ya tatizo.

Kama umefanya hayo na bado anajiumiza au anaumiza mtu, toa dozi iliyoandikwa, hiyo tu, andika saa, na usimwache peke yake. Dawa ya kumeza haifanyi kazi ndani ya dakika tano, wengi wanarudia ya pili hapo hapo na asubuhi mzee haamki.

Nimeona kwenye makazi fulani wazee wote wamelala mchana kutwa. Nimwambie nani?

Anza na msimamizi wa hapo, kwa upole, uliza chati ya ndugu yako. Hapaendi? Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ndo mwenye wazee. Makazi ya serikali yako chini ya wizara ya maendeleo ya jamii na makundi maalum, ipo hapo Mtumba. Kama ni suala la nesi kufanya kazi isivyo kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, na dawa zinazodhibitiwa zikitoka bila cheti kuna Baraza la Famasi. Andika tarehe, saa, ulichoona. Usiandike "wanawalewesha wazee", andika "saa 6 mchana wazee sita kati ya saba wamelala, chakula hakijaguswa".

Mimi ni msaidizi wa nesi Marekani, naogopa kusema, nitafukuzwa.

Wewe huruhusiwi kutoa hizo dawa lakini ndo unayemjua mzee kuliko wote, unamwogesha, unamlisha. Mwambie nesi unachokiona kwa maneno ya vitendo: "tangu Alhamisi hawezi kushika kijiko." Iandike kwenye ripoti ya zamu. Kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa nyumba hizo, wanaita ombudsman, na idara ya ukaguzi ya jimbo inapokea malalamiko bila kutaja jina lako. Kosa la dawa za akili zisizohitajika wakaguzi walikuwa wanaliandika kwa alama F758, na kuanzia 2025 mengi yamehamia F605, ukisikia wakubwa wanataja hizo namba kwa sauti ya chini ujue kinachozungumzwa.

Vidonge vilivyobaki baada ya oda kuisha?

Rudisha famasi ulikonunua au hospitalini, waulize utaratibu wao. Usiviweke kwenye droo "akisumbua tena", na usimpe jirani ambaye naye ana mzee.